Hamali wa Damu

Iko hoja moja isikikayo sana mabarazani petu. Akitajwa mtumishi wa nyumbani au mchukuzi wa bandarini asiyelipwa haki yake, mwenye mali husema: "Kila mtu na kazi yake, hata mwili una kichwa na miguu." Hoja hii huonekana ya hekima, na wapo wanaoitoa hali wanasali safu ya mbele. Basi na tuutazame huo mwili wenyewe, tuone kama unamtetea.

Mwili wa mtu mzima umejengwa kwa chembe hai zipatazo trilioni 30, za aina zaidi ya 200. Ziko za ngozi, za misuli, za ini. Na iko ya fahamu ambayo uzi wake huanzia uti wa mgongo ukafika kwenye kidole cha mguu, karibu mita nzima. Zote asili yake ni chembe moja tumboni mwa mama, na karibu kila yenye kiini hubeba ndani ya kiini hicho maandishi yale yale ya urithi. Chembe ya ubongo haikupewa nasaba bora kuliko ya unyayo. Tofauti ni sehemu gani ya maandishi inayosomwa. Hilo peke yake lingetosha kuwanyamazisha wanaojigamba kwa koo zao, lakini siko huko leo.

Nitakazo ni chembe nyekundu za damu. Hizo ndizo raia wengi wa mwili, zaidi ya nane katika kila kumi. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, na kabla ya kuingia kazini hutupa viini vyao, zikajaa hemoglobini ya kushikia oksijeni. Tangu hapo haziwezi tena kuzaa. Na la ajabu zaidi, oksijeni hiyo zenyewe haziitumii kabisa, kwani hata vyombo vya kuitumia zimevitupa. Ni kama hamali apakuaye mchele kutwa asionje punje. Huenda hivyo siku 120 hivi, kisha zikafa.

Hapo mwenye mali atasema, "Sikukwambieni?" Polepole, bwana. Hamali huyu ana riziki yake. Popote apitapo amezama katika maji ya damu yenye sukari, naye hula humo humo, saa hiyo hiyo, pamoja na wakubwa wote. Hangojei mwisho wa mwezi wala haambiwi arudi kesho. Akizeeka hupokewa na chembe nyingine katika wengu na ini, na chuma chake hurudishwa ubohoni kuwajenga wanaozaliwa. Chembe ijizidishiayo bila kuwasikiliza wenziwe, ikavuta mishipa ya damu upande wake, mwilini huitwa saratani.

Na huyu wa bandarini haki yake ni kubwa zaidi, kwani chembe haina watoto wa kusomesha wala moyo wa kuvunjika. Chembe imeumbwa hamali; yeye hakuumbwa hamali.

Mwili nao hujua pale hamali wake wanapopunjwa. Chuma kikikosekana katika chakula muda mrefu, chembe nyekundu hutoka ndogo, hafifu, na mzigo wao hupungua. Moyo mzima, mapafu mazima, ubongo mzima, na bwana mkubwa anahema akipanda ngazi za ghorofa ya kwanza.