Kisima cha Jirani

Watu wakitaja ufukara na maradhi, hulaumu wingi wa watoto. Kuzidi watu wamezidi: hesabu ya mwaka 1967 ilipata watu milioni 12.3 katika Tanzania, na ya mwaka 2022 milioni 61.7. Wala sharia haikufunga mlango; Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aliruhusu azli hata kwa kuchelea uzito wa watoto wengi. Hilo ni la mume na mkewe.

Lakini iko mas'ala isiyotajwa sana. Imamu Nawawi katika Minhaji amehukumu ya kuwa kila mtu hutumia milki yake kwa ada, na apitaye ada hudhamini. Mashekhe wakafuatisha: achimbaye choo uani mwake, maji ya kisima cha jirani yakaharibika, hadhamini maadamu hakupita ada, ijapokuwa ni makuruhu.

Basi itazamwe Chumbageni. Ardhi ya Tanga pwani ni jiwe la matumbawe lenye nyufa, na uchafu hushuka upesi kwenye maji. Kiwanja kikigawanywa kwa warithi watatu, vyoo huwa vitatu, na kisima ni kile kile. Kila mmoja afanya alivyofanya babake, na kipindupindu chaingia.

Je, hiyo ndiyo ada? Ada ya nyumba chache zilizotengwa na minazi si ada ya nyumba zilizogusana kuta. Shimo lisilojengewa, karibu na maji ya watu, leo ni kupita ada, na mwenyewe hudhamini. Na apokeaye kodi ya vyumba sita kwa shimo moja aulizwe kabla ya mama mwenye watoto sita.