Mvua ya Sindano

Kambare jike anaweza kushiba, tumbo likamjaa mayai hadi linatepeta, na bado asitage. Anangoja mafuriko. Kwa asili yake hutaga msimu wa mvua, mto ukishamwagika kwenye nyasi, na bwawa la kufugia halimwagiki popote. Sasa mfugaji anamdunga sindano.

Ndani ya sindano kuna hormoni. Njia ya zamani ni kumuua kambare mwingine, kutoa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kuisaga, kuichanganya na maji ya chumvi na kumdunga jike kwenye misuli ya mgongo. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hivi, inapita kama nusu siku, halafu unamkamua mayai kwa vidole. Dume naye hakamuliki. Anauawa, anapasuliwa, korodani zinakatwakatwa juu ya mayai. Mbinu ya tezi ilianza kutumika Brazil miaka ya 1930, na huku kwetu mahitaji ya vifaranga yalipanda sana baada ya 2009, serikali ilipoamua kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya 140.

Mjomba wangu hapa Isiolo anataka kuzalisha vifaranga, na kazi yangu ni kumshika samaki. Nilipomuuliza kama hii ni haki, alinijibu, "Wewe falsafa ulirudi nayo bila cheti. Shika samaki."

Sawa, mjomba. Lakini swali liko palepale, na si la kuua. Tunakula nyama, tusijifanye. Hata hivyo mbuzi hapa mtaani hachinjwi bila jina la Mungu kutajwa, ilhali samaki dini haidai achinjwe, basi tumezoea kutomuuliza mtu chochote kuhusu samaki. Kinachonisumbua ni uongo. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo huku kwetu. Watu walizika mifugo wakiangalia mawingu. Sasa sisi haohao tunauambia mwili wa kiumbe kwamba mvua imenyesha, ilhali nje ni vumbi tupu.

Mwanzoni niliona huo ndio ubaya wenyewe. Siku hizi naona sindano inasingiziwa. Jike asipodungwa, mayai hayamngoji milele. Mwili unayafyonza tena, msimu unapita. Aliyemnyima mafuriko ni bwawa, na bwawa tulilichimba sisi, jembe mkononi, bila mtu kuuliza swali la maadili. Tulishapiga picha tukiwa tumesimama ndani.

Kwa dume siko mwepesi hivyo. Hormoni za kutengenezwa viwandani zipo, kwa hivyo yule wa kutolewa tezi si lazima afe. Hata dume anaweza kupasuliwa, akatolewa sehemu tu ya korodani, akashonwa na kuishi. Lakini inataka muda, mkono mtulivu na pesa, na mjomba ana kisu. Anasema akishakufa analiwa, hakuna kinachopotea. Ni kweli, na tulimla, na ugali. Bado nimemwambia wiki ijayo tujaribu kushona mmoja. Amecheka sana, kisha akaniuliza uzi wa aina gani.