Miezi ya Kungoja Picha

Paul Kalanithi alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo huko Stanford, Marekani, saratani ya mapafu ilipogunduliwa mwilini mwake mwaka 2013. Dawa ilipunguza uvimbe, akarudi kazini.

Lakini picha ya CT anayopigwa mgonjwa baada ya tiba haimalizi maneno. Kovu linaloachwa na tiba ya mionzi na saratani inayorudi huweza kufanana, na mara nyingi jibu ni moja: tusubiri, tupige nyingine.

Muumini afanye nini katika miezi hiyo ya kungoja? Ayubu alilalamika waziwazi. Mwishowe Mungu alisema yeye ndiye aliyenena sawa, si rafiki zake wenye majibu tayari. Kumbe kuogopa na kulalamika mbele za Mungu si upungufu wa imani.

Kalanithi, aliyerejea katika Ukristo wa utotoni mwake, aliamua na mkewe kupata mtoto. Binti yao alizaliwa Julai 2014, miezi minane kabla baba hajafariki.