Mashine Ikikosea, Dhamana Ni ya Nani?

Ndugu Waislamu, mahindi ya sima tuipikayo huku pwani, mengi hutoka bara; na Kitale na Bungoma ni katika miji mashuhuri ya mahindi hayo. Mwaka 2017 mashamba ya pande hizo yaliingiliwa na viwavijeshi wageni, wenye asili ya bara la Amerika. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, wakatoa programu ya simu iitwayo Nuru. Mkulima huelekeza simu kwenye jani lililoliwa, nayo humwambia kama mharibifu ni mdudu huyo. Hiyo ndiyo akili bandia: mashine iliyoonyeshwa picha nyingi mno hata ikajua kupambanua.

Je, yafaa kuifuata? Elimu yenye manufaa haikataliwi kwa kuwa ni mpya au imetoka kwa wageni. Lakini swali zito ni jingine: mashine kama hiyo ikisema mmea ni mzima, kisha shamba likaangamia, ni nani wa kujibu? Mkulima wa Bungoma aliyekopa mbegu na mbolea atabaki na deni lake. Akiuziwa mbegu mbovu Kitale, hulijua duka la kurudi. Akipotezwa na simu, arudi wapi?

Mashine si mukallafu. Haina nia, wala haitafufuliwa ihesabiwe. Basi mwenye kusema, "Mashine ndiyo iliyosema," hakujivua dhamana. Amejificha nyuma ya kisichoweza kuulizwa. Wanazuoni wa fiqhi walikwishaamua zamani kwamba ajitiaye uganga bila ya elimu, akamdhuru mtu, hulipa. Vipi basi asamehewe aliyeuza mashine bila ya kuijaribu, au aliyewaamrisha watu waifuate?

Serikali zimeanza kulitambua hilo. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa mtu haki ya kutokatiwa shauri zito na mashine peke yake. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya akili bandia mwaka 2024, na Kenya ikatangaza mpango wake wa taifa mwezi wa Machi 2025. Lakini mpango si sheria, na haki isiyojuliwa na mwenyewe haimfai.

Basi na tuifanye mashine mshauri, tusiifanye kadhi. Kila atuleteaye chombo hicho, shambani, shuleni au hospitalini, tumuulize kwanza: kikikosea, tuje kwa nani? Asiye na jina la kututajia, tusimkabidhi amana zetu.

Wallahu aalam.