Muhuri wa dhahabu: Je, aliyedanganywa anaruhusiwa kunyamaza?

Mama mmoja mjane wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam aliniletea swali ambalo naona linatuhusu sote. Alikuwa na seti ya dhahabu ya gramu 40 aliyopewa na marehemu mumewe kuwa mahari. Mkufu, pete na hereni, vyote vimegongwa namba 916. Ada za watoto zilipombana akaipeleka kwa sonara ili aiuze. Sonara akaipima, kisha akamwambia: "Mama, hii si karati 22. Hii ni karati 18."

Kwa wasiofahamu, dhahabu safi huhesabiwa kuwa ni karati 24. Ya karati 22 ina mafungu 22 ya dhahabu na mawili ya madini mengine, kama vile shaba na fedha, yanayotiwa ili pambo liwe gumu. Namba inayogongwa huonesha kiasi cha dhahabu katika kila sehemu 1,000. Hivyo 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14 na 375 ni karati 9. Ukiona 925, hiyo ni namba ya fedha hata kama pambo linang'aa rangi ya dhahabu. Na herufi GP maana yake ni kuwa pambo limechovywa tu.

Sonara yule hakukisia. Alisugua pete kwenye jiwe jeusi, lile ambalo wazee wetu waliliita mihaki, mpaka ikaacha mstari. Pembeni yake akachora mstari wa dhahabu anayoijua kuwa ni karati 22, kisha akadondosha tindikali juu ya yote miwili. Mstari wa karati 22 ulibaki, wa pete ukafifia. Kwa kuwa pambo linaweza kuwa jingine juu na jingine ndani, akalikwangua kidogo kwa tupa na kurudia kipimo. Jibu likawa lile lile. Katika gramu 40 za karati 22 kuna takriban gramu 36.7 za dhahabu safi. Katika karati 18 zimo gramu 30 tu. Gramu karibu 7 za haki ya mke zilikuwa zimeliwa tangu siku ya ndoa, na mume naye hakujua.

Hapo ndipo jirani mmoja alipompa ushauri. "Usiuze kwa sonara. Mtafutie mtu anayeoza binti yake, muoneshe ile namba, wewe nyamaza. Hutasema uongo, namba itasema yenyewe." Mama akaja kuniuliza: je, nikinyamaza nitakuwa nimekosa nini, na mimi mwenyewe nilidanganywa?

Swali hili si jepesi. Mjane huyu hakugonga muhuri. Hakuchanganya shaba. Kwa nini hasara ya mwizi asiyemjua imwangukie yeye na mayatima wake?

Lakini tukumbuke kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka na kukuta unyevu ndani. Mwenye mali alijitetea kuwa ni mvua iliyonyeshea. Tuzingatie hapo: mvua haikuwa kosa la yule bwana. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona, na akakemea ughushi kwa maneno mazito. Aibu ya bidhaa inaweza isiwe kosa lako, lakini kuificha ni kazi ya mkono wako.

Wapo watakaosema mnunuzi ana macho, naye akapime. Hoja hiyo inasahau muhuri uliwekwa kwa ajili gani. Uliwekwa kwa ajili ya yule asiye na jiwe wala tindikali. Ni ushahidi unaotolewa mbele ya watu ambao shahidi hatawaona kamwe. Uongo wa mdomo unaweza kufa na msemaji wake, bali uongo wa muhuri unarithiwa, na kila anayeujua akanyamaza anautolea ushahidi upya. Mama akiuza hivyo, bibi harusi mwingine ataingia nyumbani kwake na mahari pungufu, na siku ya dhiki yake atasikia maneno yale yale kwa sonara mwingine. Dhulma haiondoki kwa kuhamishiwa kwa jirani.

Lawama kubwa ni ya wafanyabiashara wetu, na baadhi yao tunasimama nao safu moja msikitini. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoeleza kazi ya msimamizi wa soko aliwataja masonara miongoni mwa mafundi ambao uaminifu wao lazima uangaliwe, kwa kuwa watu hukabidhi mali zao mikononi mwao. Leo msimamizi huyo hatunaye, basi tujisimamie. Muuzaji aandike uzito na karati katika risiti na kuweka saini. Mnunuzi asione haya kuomba pambo lipimwe mbele yake, hasa la mahari. Anayekasirika kwa kuombwa kipimo ameshajieleza.

Mama aliniuliza pia kama mumewe amekufa na deni la mahari. Nilimshauri awaone masheikh, lakini akasema deni likiwepo amelisamehe, kwani marehemu naye alidanganywa. Kisha akarudi kwa yule sonara, akauza kwa bei ya karati 18. Kabla ya kupokea fedha alimwomba jambo moja: achukue tupa aifute ile 916 mbele ya macho yake.

Ada haikutimia yote. Allah (S.W.) amlipe kilichopungua.