Huruma Isiyo na Maarifa

Hakuna mtu mwenye akili amlaumuye mvuvi avuaye ili watoto wake wapate kitoweo. Desturi hii ni ya kale kama pwani yenyewe. Lakini yuko mvuvi wa namna nyingine, ambaye humvua samaki kwa kazi kubwa, akamtazama kidogo, kisha akamrudisha baharini. Njaa haikumpeleka, wala sokoni hana biashara. Je, msomaji, mtu huyu tumwite mwenye huruma kwa sababu amesamehe, au mkatili kwa sababu amecheza na uhai wa kiumbe? Kabla ya kujibu, yatupasa kuijua kazi yenyewe.

Mvuvi huyu hatumii wavu, wala dema, wala chambo cha nyama. Hufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoana mpaka ifanane na kamba au dagaa, kisha huirusha mbali kwa ufito mwepesi na mshipi mzito. Uvuvi huu wataka hewa tulivu na maji maangavu, kwa kuwa upepo huupotosha mshipi, na samaki hawezi kufuata asichokiona. Kwa hiyo, katika pwani ya Kenya, majira yake hasa ni ya kaskazi, tangu Desemba hata Machi, bahari inapotulia. Kusi ikivuma, mawimbi huwa makubwa. Na mvua za bara zikinyesha, Mto Sabaki huleta udongo mwingi hata maji ya Malindi yakageuka rangi. Tena mvuvi hana budi kuhesabu mwezi. Siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, bahari huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kolekole huingia pamoja na maji yanayojaa ili kuwinda juu ya mchanga na kando ya mikoko. Siku za maji mafu mkondo hulegea, na mvuvi aweza kurusha mshipi mchana kutwa asipate kitu.

Sasa tuwasikilize wanaoutetea mchezo huu. Husema kwamba samaki aliyerudishwa ataishi na kuzaa, na kwamba mwenye chombo na kijana awaongozaye wageni hupata riziki zao bila bahari kupungukiwa. Wapingao hujibu kwamba kumsumbua kiumbe kwa furaha tu ni dhuluma, na kwamba ni dharau kwa mwenye njaa asimamaye ufukweni akiona kitoweo kikitupwa majini. Hata mataifa hayakupatana. Katika jimbo la Florida, Marekani, yuko samaki wa rangi ya fedha aishiye katika maji haba, apendwaye mno na wavuvi wa manyoya. Tangu 2013 sheria humlazimisha kila amvuaye kumrudisha. Katika Uswisi, kinyume chake, sheria ya kulinda wanyama hukataza kwenda kuvua kwa nia ya kumrudisha samaki majini. Na hapa Kenya, katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, hairuhusiwi kuvua kabisa, iwe kwa chakula au kwa mchezo. Sheria hizi tatu zote zadai kuwalinda samaki, na kila moja yashika njia yake.

Nadhani pande zote mbili husahau neno moja, nalo ni joto la maji. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la digrii 15 huweza kuchukua kama miligramu 8 za oksijeni. Yakifika digrii 30, huchukua kama 6 tu. Wakati huo huo mwili wa samaki, ambao joto lake hufuata la maji, hutaka oksijeni zaidi, si pungufu. Bahari yetu hukaribia digrii 30 kaskazi inapokwisha. Tazama basi, msomaji: majira yaliyo mema kwa mvuvi huishia katika majira yaliyo mazito kwa samaki. Samaki aliyeshindana na mshipi kwa muda mrefu katika maji ya moto huachiliwa akiwa hoi. Huenda akaondoka machoni pa mvuvi, kisha akafa mahali pasipoonekana, au akaliwa na papa au mzia kabla hajapata nguvu. Mvuvi naye hurudi nyumbani na moyo mweupe, akidhani ametenda hisani.

Wazee walitufundisha: tenda wema wende zako, usingoje shukrani. Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini hayakutupa ruhusa ya kwenda zetu kabla wema haujatimia. Atakaye kumwachilia samaki kwa haki atumie mshipi wenye nguvu ili vita viwe vifupi. Akibane kile kijino cha ndoana ili itoke bila kuchana. Alowanishe mikono asije akaufuta ute uulindao mwili wa samaki, wala asimwinue juu muda mrefu kwa ajili ya picha. Amshike ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Na akiona papa wanazunguka, au maji haba yamekuwa ya moto mno, aukunje mshipi wake, hata kama samaki ni wengi na siku ni nzuri.

Hapo ndipo penye kipimo. Mtu awezaye kuacha starehe yake kwa ajili ya kiumbe asiyeweza kulalamika, huruma yake ni ya kweli. Asiyeweza, huruma yake ni pambo la starehe tu. Basi hukumu yangu ni hii: mchezo huu si dhambi kwa kila mtu, wala si halali kwa kila mtu. Ni halali kwa yule tu aliyekubali kujifunza hali ya maji kwa ajili ya samaki kwa bidii ile ile aliyojifunza nayo kwa ajili yake mwenyewe.

Nawe, msomaji, hata kama hujapata kushika mshipi maishani mwako, utapewa siku moja mamlaka juu ya mtu au mnyama aliye dhaifu kuliko wewe. Huenda ukamsamehe mdogo wako, au mtumishi, au mdeni, kisha ukageuka upesi ili usifiwe. Usigeuke upesi. Ngoja kwanza uone kama anaweza kusimama tena.