Je, Aliyeumia Ubongo Ahukumiwe kwa Maneno Yake?

Liko neno linalowasumbua wazee wa kanisa na wainjilisti wetu, nasi twataka kulitafakari pamoja nanyi. Mtu mpole aanguka na pikipiki, kichwa chake chapigwa. Huko Haydom jeraha lapona, naye arudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Lakini tangu siku ile ana hasira za ghafula, atukana watu mbele ya watoto, tena jioni hakumbuki aliloahidi asubuhi. Wengine wasema ana pepo. Wengine wasema huo ndio moyo wake aliouficha zamani, na sasa umefunuliwa. Wengine wataka atengwe. Je, ni haki?

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Vermont katika Marekani, nyapara wa kazi ya reli, Phineas Gage, alipigwa na mtaimbo uliorushwa na baruti. Uliingia shavuni ukatokea utosini, naye akapona. Daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba mtu yule aliyekuwa mtulivu na hodari alikuwa mwenye matusi na kigeugeu, hata rafiki zake wakaona kwamba siye yule waliyemjua. Chuma hakikumfundisha maovu. Kiliharibu sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kwayo mtu huzuia ulimi wake na kupima jambo kabla ya kulitenda.

Basi, kama hatumlaumu kipofu kwa kutoona, twawezaje kumhukumu huyu kana kwamba hatamu zake ni nzima? Dhambi yataka nia. Pale nia isipoweza kushika hatamu, hukumu yetu haina budi kupungua.

Lakini mtu aweza kutujibu: Mkisema hivyo, kila mlevi atasema ubongo wake ndio uliotukana. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuipuuzi. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, Dk. Catherine Staton na wenzake walianza mwaka 2013 kuandika daftari la watu walioumia ubongo. Waliona ya kuwa wengi ni vijana wanaume, tena wengi waliumia barabarani. Na kwa ajili ya madhara ya pombe wakatengeneza mashauri yaitwayo Punguza Pombe kwa Afya Yako. Twajibu hivi: mlevi alikichagua kikombe, naye atajibu kwa kikombe na kwa kupanda pikipiki akiwa amelewa. Lakini matusi yaliyofuata jeraha hakuyachagua. Tusimtoze deni moja mara mbili. Na Msamaria hakuuliza kwanza kama yule aliyelala njiani alikuwa amekunywa.

Tena tujihadhari na kosa la upande wa pili, ndilo kusema kwamba huyu si mtu tena, asiulizwe neno, asipewe kazi. Gage alikataliwa nafasi yake ya zamani, lakini baadaye aliendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kadhaa. Kazi yenye utaratibu ule ule kila siku yaweza kumsaidia mtu wa namna hii. Ajibu kwa yale anayoyaweza. Asamehewe yale yasiyo katika uwezo wake. Wala uvumilivu huu usiwe mzigo wa mkewe peke yake. Kama ampiga, mke na watoto walindwe bila kukawia, kwa maana asiye na hatia aweza kuumiza kama mwenye hatia.

Nalo shauri la pepo? Mwaka 2010 Dk. Andrea Winkler na wenzake walichapisha uchunguzi wa mawazo ya watu wa kaskazini mwa Tanzania juu ya kutibu kifafa kwa dawa za jadi na kwa maombezi ya Kikristo. Kifafa chaweza kuzaliwa na pigo la kichwa, nacho kina dawa hospitalini. Kuomba ni vema. Kumzuia mgonjwa asinywe dawa ni kumdhulumu.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kuandika jina la mtu katika daftari la waliotengwa, tumwulize mkewe maswali mawili: Zamani alikuwa mtu wa namna gani? Alibadilika tangu siku gani? Majibu ya mama huyo yapimwe barazani kabla ya mashitaka yo yote.